Mkasi Usubiri Mvua

Shamba la zabibu lililopogolewa humtia hofu mgeni. Akipita Hombolo, Mpunguzi au Chinangali katika majuma ya kuelekea mvua, hukuta safu kwa safu za visiki vya kahawia vilivyofungwa kwenye waya, bila jani wala tawi la maana, na chini yake malundo ya fito zilizokatwa. Anaweza kudhani mwenye shamba amekata tamaa. Kumbe ndiyo kwanza ameanza kuhesabu: takriban miezi minne tangu siku ya mkasi, atavuna. Mzabibu wa Dodoma haupati baridi kali ya kuulaza na kuuamsha, kama inavyokuwa kwa mizabibu ya Italia au Ufaransa. Anayeuamsha ni mtu, kwa kuukata. Ndiyo maana mkoa huu huvuna mara mbili kwa mwaka, msimu wa kwanza kati ya Februari na Aprili na wa pili kuanzia Agosti hadi Septemba, jambo ambalo mkulima wa Ulaya halipati.

Wamisionari Wakatoliki ndio waliouleta mzabibu kwenye uwanda huu, na jina la Bihawana halikosekani kila historia hiyo inaposimuliwa. Siku hizi zao hilo lina kituo chake cha utafiti, Makutupora, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Kwa hiyo Dodoma si mji wa kufundishwa kupogoa. Wapo wakulima wengi wa kawaida, wasio na shahada yoyote, wanaoweza kuutazama mti na kusema tawi lipi litazaa, lipi litakula bure, na wakate wapi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ujuzi huo umeishia shambani na haujaingia uani. Katika mji huohuo, bogenvilia hukatwakatwa kwa panga mwezi Agosti kwa sababu imeanza kukwaruza gari. Duranta hunyolewa Septemba, udongo ukiwa mkavu kama tofali, ili ua upendeze kabla ya harusi. Haibiskasi nayo haiguswi miaka mitano, ikageuka fito ndefu zenye ua moja moja juu kabisa, ambako mwenye nyumba halioni. Mimea hiyo haijashindwa na Dodoma, ila imekatwa wakati usio wake au mahali pasipo pake.

Na mimea yenyewe sasa ni mingi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na mpango mkuu wa mji, uliotayarishwa na wataalamu kutoka Kanada, ukatoka mwaka 1976. Lakini uhamisho wenyewe ulishika kasi mwaka 2016, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Mwishoni mwa mwaka 2017 ilikuwa imezinduliwa, huko Mzakwe, kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani. Nyumba zikachipuka Ilazo, Kisasa, Nzuguni na njia yote ya kuelekea Mtumba, na mbele ya kila geti ikapandwa miche. Miche ya miaka ile leo ni vichaka vya kimo cha paa. Swali la wenye nyumba wengi si tena namna ya kupanda, ni namna ya kukitunza kilichokua.

Jibu linaanzia kwenye maji. Jiji liko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari na hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Maji ya visima virefu vya Mzakwe ndiyo yaliyolibeba jiji kwa miongo mingi, na mahali pengi maji ya kisima yana chumvi inayounguza ncha za majani. Katika mazingira hayo, kupogoa ni namna ya kuamua mmea utumie wapi maji yake machache.

Ili kuelewa hilo, inafaa kujua kinachotokea ndani ya tawi. Ncha ya kila tawi hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka kuelekea chini na kuyazuia macho ya ubavuni yasichipue. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walionyesha kwamba ncha ya mche hupeleka ujumbe sehemu za chini. Miaka ya 1920 Mholanzi Frits Went akaitenga homoni yenyewe, na katika miaka ya 1930 Kenneth Thimann na Folke Skoog wakathibitisha kwamba ndiyo inayoyabana macho ya pembeni. Mtu anapokata ncha, kizuizi huondoka. Macho mawili au matatu yaliyo chini tu ya jeraha huamka kwa pamoja, na tawi moja huwa matatu.

Hapo ndipo makosa mengi ya bustani yanapopata maelezo. Anayenyoa duranta kwa nje tu kila mwezi huamsha macho ya nje tu. Majani hujaa kwenye ganda la juu, jua haliingii ndani, na katikati hubaki vijiti vikavu. Ukiufunua ua kama huo kwa mkono utaona ni mtupu. Siku ukikatwa kidogo zaidi ya kawaida, vijiti hujitokeza na mwenye nyumba huamini umekufa.

Kwa hiyo mpogoaji mzuri ana makato ya aina mbili. La kwanza ni kufupisha, yaani kukata tawi katikati ili lizae matawi mengi. La pili ni kupunguza: tawi zima linaondolewa mpaka lilipoanzia, ili mwanga na upepo vipite. La kwanza hunenepesha kichaka, la pili hukifungua. Wapogoaji wengi wa mitaani wanalijua la kwanza peke yake, na ndiyo sababu vichaka vingi vya Dodoma vina umbo la mpira nje na kiza ndani.

Machipukizi hayo mapya hayaji bure. Mmea huyajenga kwa wanga uliohifadhiwa kwenye mizizi na shina, kisha majani yake machanga hupoteza maji haraka kuliko majani yaliyokomaa. Kichaka kinachokatwa sana mwezi Agosti hulazimishwa kutoa akiba yake yote wakati udongo hauna cha kurudisha, na upepo mkavu unakausha kila kinachochungulia. Isitoshe, gome la ndani lililozoea kivuli hukutana ghafla na jua la Septemba, likaungua na kupasuka. Mmea ukinusurika, huingia kwenye mvua ukiwa umefilisika.

Mimea ya asili ya uwanda wa kati ilikwisha kulitatua jambo hili. Mingi hupukutisha majani kiangazi kinaposhika na kukaa kimya, uhai wake ukiwa chini ya ardhi. Oktoba na Novemba macho huanza kuvimba, mara nyingi hata kabla ya tone la kwanza kudondoka. Vitabu vya bustani vya Uingereza humwambia msomaji apogoe Februari au Machi kwa sababu hiyohiyo: huo ni mwisho wa usingizi wa mimea yao. Dodoma haina theluji, lakini usingizi wake upo, na unatokana na ukame. Mwisho wa usingizi huo, kuanzia katikati ya Novemba hadi mvua za kwanza, ndio wakati wa makato makubwa. Mmea huamka ukiwa umepunguzwa mzigo, na maji yanakuja nyuma yake.

Mvua zikiisha, Aprili au Mei, inafaa kupita tena kwa mkono mwepesi: kuondoa matawi dhaifu ya ndani, yanayosuguana na yanayotambaa ardhini, ili kichaka kiingie kiangazini bila abiria wasio na faida. Tawi lililokufa, lililovunjika au lenye ugonjwa halina msimu. Hilo hukatwa siku lilipoonekana. Na mwenye bomba la uhakika na maji yasiyo na chumvi ana uhuru zaidi, lakini hata yeye asikate sana kati ya Julai na Oktoba.

Baada ya msimu linakuja swali la maua, na hapa jicho la mwenye nyumba linatosha. Mmea ukiwa umechanua, atazame ua limekaa wapi. Likiwa kwenye kijiti kibichi cha msimu huu, mmea huo huchanua kwenye tawi jipya, na kukatwa Novemba kutauongezea maua. Haibiskasi, tekoma ya maua ya njano, waridi na bogenvilia zote ziko kundi hili. Likiwa kwenye ncha ya tawi nene la zamani, kama ilivyo kwa msanapiti, kukata ncha zote ni kufuta maua ya msimu mzima. Mmea wa namna hiyo huachwa uchanue kwanza, kisha huondolewa matawi machache tu yaliyozidi.

Bogenvilia inastahili neno lake. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wafaransa wa msafara wa Louis-Antoine de Bougainville waliikuta Brazil mwaka 1767, mtaalamu wao wa mimea, Philibert Commerson, akaipa jina la nahodha wake. Kinachoitwa ua lake, chenye rangi ya zambarau, nyekundu au chungwa, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua halisi ni kile kijirija chembamba cheupe kilichojificha katikati. Na tabia yake inaafikiana na Dodoma kuliko mmea wowote wa mapambo: ikinyweshwa sana hutoa majani, ikionja kiu huchanua. Ukiikata kwa ujasiri mwishoni mwa Novemba, mvua ya Desemba hadi Machi itaijengea fito mpya, na ardhi inapoanza kukauka fito hizo hufunikwa na rangi. Ukiikata Agosti, ikiwa katikati ya kuchanua, umekata ua lenyewe.

Fito ndefu za bogenvilia zinazochomoka juu ya ukuta wakati wa mvua zisiondolewe zote. Zifupishwe, kila moja ibakie na macho machache. Glavu za ngozi hapo ni za lazima, kwa sababu mwiba wake hupenya kitambaa na jeraha lake huvimba.

Waridi la jangwani, lenye shina lililovimba kama kibuyu na maua ya pinki, nalo limeingia kwenye vyungu vya varanda nyingi. Huyu si mgeni kabisa, kwani jamaa zake huota wenyewe katika nyika kavu za Tanzania, na Wahadzabe wa bonde la Eyasi huchemsha utomvu wa mmea wa jamii hiyo kupata sumu ya mishale. Anayetaka lipate matawi mengi alikate joto linapopanda, aache jeraha likauke siku kadhaa kabla ya kumwagilia, na anawe mikono vizuri kabla ya kugusa chakula au macho.

Sasa kukata kwenyewe. Mkato wa kufupisha hupita nusu sentimita hivi juu ya jicho, ukiinama kidogo ili maji yatiririke upande wa pili wa jicho hilo. Jicho linalochaguliwa ni lile linalotazama nje ya kichaka, kwa sababu tawi jipya litaelekea kulekule jicho linakotazama. Ukiacha kisiki kirefu juu ya jicho, kitakauka na kuoza kuelekea chini. Ukikata karibu mno, jicho lenyewe litakufa.

Tawi nene lina sheria nyingine. Mahali linapoungana na shina pana uvimbe mdogo, kama kola ya shati. Kola hiyo isikatwe. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyepasua maelfu ya mashina ili aone majeraha yanavyokwenda ndani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi ya mwanadamu. Huzungushia ukuta sehemu iliyoharibika, kisha hukua juu yake, na malighafi ya ukuta huo iko kwenye ile kola. Anayekata kwa kusawazisha na shina, akidhani anafanya kazi safi, huibomoa ngome kabla ya vita. Shigo alionyesha pia kwamba kupaka rangi au lami kwenye jeraha hakuzuii kuoza. Basi ile oili chafu ya gereji inayopakwa kwenye visiki mitaani haina kazi. Jeraha liachwe wazi.

Tawi zito likatwe kwa hatua: kwanza msumeno uingie kidogo kutoka chini, hatua moja mbali na shina, kisha ukate kutoka juu mbele kidogo ya hapo ili tawi lianguke bila kuchuna gome, halafu kipande kilichobaki kiondolewe taratibu nje ya kola. Lililo karibu na nyaya za umeme ni kazi ya TANESCO, si ya kijana mwenye ngazi.

Panga ni chombo kizuri cha kazi nyingine. Hapa hupasua tawi, na mpasuko huingiza wadudu na ukavu. Kinachohitajika ni mkasi wa kupogolea wenye makali na msumeno mdogo wa kukunja. Makali yapanguswe kwa spiriti, au kwa jiki iliyozimuliwa na maji, kutoka mmea mmoja kwenda mwingine, hasa kama wa kwanza una madoa au ukungu. Magonjwa mengi ya bustani husafiri kwa mkasi.

Ua wa kuzungushia nyumba una kanuni moja inayosahaulika: chini uwe mpana kuliko juu. Ua uliopanuka juu huinyima jua miguu yake, nayo hupukutika na kuacha mianya ambayo mbuzi huiona kabla ya mwenye nyumba. Uinamishwe kidogo pande zote mbili, nao utabaki kijani mpaka ardhini.

Vijijini, na pembeni mwa jiji, nyua za zamani ni minyaa na michongoma. Mnyaa haujali ukame na huota kwa kuchomekwa kijiti tu ardhini, lakini maziwa yake ni hatari kubwa kwa macho. Tone moja linaweza kumfanya mtu asione kwa muda na kumwachia jeraha. Anayeukata avae miwani, mikono mirefu na glavu, asimame upande unakotoka upepo, na watoto wawe mbali. Maziwa yakiingia jichoni, lioshwe hapohapo kwa maji safi mengi, kisha mtu apelekwe hospitali bila kusubiri kesho. Oleanda, yenye maua meupe au ya waridi, ina sumu kuanzia jani hadi mzizi. Matawi yake yasichomwe moto, kwa maana hata moshi wake unadhuru, na vijiti vyake visichongwe kuwa vya mishikaki.

Vipi kuhusu kile kichaka ambacho hakijaguswa tangu nyumba ijengwe? Hapa uwanda wa kati una somo ambalo dunia inakuja kulitazama. Tangu mwaka 2018 shirika la LEAD Foundation, likishirikiana na Justdiggit la Uholanzi, limekuwa likieneza katika vijiji vya mkoa wa Dodoma mbinu iitwayo Kisiki Hai. Haihitaji mche wala kitalu. Mkulima hutafuta shambani kisiki kinachochipua, yaani mti uliokatwa zamani lakini mizizi yake ingali hai, na ambao kila mwaka hutoa kichaka cha machipukizi yanayoliwa na mifugo au kufyekwa na jembe. Huchagua machipukizi machache yenye nguvu na yaliyonyooka, huyaondoa mengine yote, huyapogoa yaliyobaki matawi ya chini, hukifunga kisiki kitambaa ili kila mtu ajue kina mwenyewe, kisha hukilinda. Kwa kuwa mizizi ni ya miaka mingi na imeshafika kwenye unyevu, mti hurudi kwa kasi ambayo mche wa kitalu hauwezi kuifikia.

Mbinu hiyo ilianza kuenezwa Niger mwaka 1983 na Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyechoka kuona miche ikifa jangwani na siku moja akatambua kwamba vijichaka alivyovidharau vilikuwa miti iliyokatwa. Lakini ushahidi wa ukaidi wa mizizi ya uwanda huu ni wa zamani zaidi. Mwaka 1947 Waingereza walipoanza mradi wao wa karanga Kongwa, matrekta makubwa yalilaza vichaka, ila mizizi iliyobaki ardhini ikavunja majembe na kuchelewesha kila kitu. Kabla ya mwaka 1951 kwisha mradi ulikuwa umefutwa, na pamoja nao mamilioni ya pauni. Kondoa ilitoa somo lilelile kwa upole. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka. Mimea ikarudi kwenye vilima vilivyokuwa vyekundu, sehemu kubwa ikitokana na mizizi na mbegu zilizokuwamo ardhini.

Mwenye bustani anaweza kuchukua mbinu hiyo ilivyo. Kichaka kizee chenye afya, kama haibiskasi, tekoma au bogenvilia, kinaweza kukatwa Novemba hadi kimo cha goti. Machipukizi yakifika urefu wa shubiri mbili, achague manne au matano yaliyokaa mbalimbali, mengine ayaondoe. Hatua hii ya pili ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo kichaka hurudi kuwa msitu uleule katika mwaka mmoja. Kama mmea ni dhaifu, makato yagawanywe kwa miaka mitatu, kila mwaka theluthi moja ya mashina ya zamani. Tahadhari ni moja tu: kabla ya kukata, kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, mizizi iko kazini. Ukiona kahawia mpaka shinani, hakuna cha kuamsha.

Mzabibu wa uani, ule uliopandishwa kwenye kichanja uwape kivuli wanaokaa chini yake, huteseka kwa kupendwa. Familia huuacha ukue kwa ajili ya kivuli, kisha hushangaa kwa nini una majani mengi na vishada vitatu. Zabibu huzaa kwenye chipukizi jipya linalotoka kwenye tawi la msimu uliopita. Basi kila tawi lililozaa lirudishwe hadi macho mawili au matatu, na mikono mikuu iliyolala juu ya kichanja iachwe. Kivuli kitarudi ndani ya majuma machache. Ukikatwa wakati mizizi imekwisha kuamka, hudondosha maji kwenye kila jeraha kwa siku kadhaa, na hilo si ugonjwa. Kinachopaswa kuogopwa ni ubwiri unga, ile poda nyeupe kwenye majani na punje, ambayo hupenda majani yaliyobanana. Mkasi unaofungua kichanja ni nusu ya tiba.

Mpera nao huzaa kwenye tawi jipya na hupokea mkasi vizuri. Mlonge usipoguswa hukimbilia juu kama mlingoti, majani yakawa ya ndege. Ukikatwa ncha ukiwa na kimo cha mita moja hivi, huwa kichaka kinachochumwa na mtoto aliyesimama chini.

Matawi yaliyokatwa yana thamani pia. Mlonge na lusina ni chakula cha mbuzi. Lantana, duranta na oleanda mbuzi wasipewe kamwe, na yasiachwe barabarani wanakopita. Yaliyobaki yakatwekatwe na kutandazwa chini ya kichaka, ndani ya kisahani cha kukinga maji ya mvua, yakae mbali kidogo na shina kwa sababu Dodoma ni nchi ya mchwa. Matandazo hayo hupunguza jua linalofika udongoni, na kichaka kilichopogolewa Novemba kinahitaji kila tone. Kuyachoma moto, kama wengi wanavyofanya jioni, ni kuipa hewa kile ambacho udongo ungekula.

Linabaki suala la fundi bustani, na hapa wenye nyumba wana sehemu yao ya lawama. Fundi anayelipwa kwa wingi wa matawi aliyoyatoa atakata mengi, maana ndiyo hesabu aliyopewa. Alipwe kwa siku. Kabla hajaanza, mzunguke pamoja kila kichaka, mkubaliane tawi lipi linaondoka na lipi linabaki, mtazame kama kuna kiota chenye makinda, na asiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo ila pale mlipoamua kukifufua kichaka kizee. Mkasi mmoja mzuri, msumeno wa kukunja na chupa ya spiriti vinatosha kaya kadhaa, na majirani wanaweza kuvichangia. Vinunuliwe Oktoba, na kazi ianze nusu ya pili ya Novemba.